Pua ya Mkaguzi

Mkaguzi alitengeneza mvinyo mwekundu kwa miaka mingi bila kumeza hata tone. Aliutia mdomoni, akauzungusha, akafumba macho, kisha akautema kwenye mkebe wa rangi uliokaa kando ya kiti chake na kufuta midomo kwa leso iliyokunjwa mara nne. Watu wa mtaa wake wa Mutuini walimcheka kwa hilo. Jamaa mmoja wa stendi ya bodaboda aliniambia kwamba angepewa nafasi angehamia kwa mzee huyo akalale kando ya mkebe. Mimi mwanzoni niliona ni unafiki wa mzee wa kanisa anayemwogopa mchungaji wake, lakini nilikuwa nimekosea. Kabla ya kustaafu alikuwa mkaguzi wa vipimo na mizani, akizunguka masokoni, buchani na vituo vya mafuta kuhakikisha kilo ni kilo na lita ni lita, na alikuwa na msimamo wake. "Fundi," aliniambia, "mtu anapima mahindi. Hakuli mahindi anayopima."

Jina lake nalijua, ila sikumbuki mtu aliyelitumia. Hata mkewe alimwita Mkaguzi, hasa akikasirika. Yeye naye hakuwahi kuniita jina. Nilikuwa Fundi siku ya kwanza, nikawa Fundi miaka minane, na nilipokutana naye mara ya mwisho nilikuwa Fundi bado.

Mfukoni mwa koti alibeba jiwe la mizani la nusu kilo, la shaba, lililosuguliwa likang'aa. Siku za Jumamosi tulipitia bucha moja la Riruta kununua nyama, na muuzaji akimwona anaingia alipangusa mizani kabla hata ya kutusalimia.

"Sasa Mkaguzi."

"Salama. Hebu tuone."

Jiwe linawekwa, mshale unasimama, kichwa kinatikiswa, ndipo nyama inaulizwa. Siku moja mshale ulikataa kusimama panapofaa. Nilitarajia kelele, kwa sababu mimi ningepiga kelele. Mkaguzi alirudisha jiwe mfukoni akasema kwa upole, "Mizani yako inaumwa. Nitakuja Jumatatu kuijulia hali." Jumatatu mizani ilikuwa imepona kabisa.

Lakini mama aliyeuza maharagwe njia panda ya kwenda kwake, mwenye gorogoro, lile kopo la kupimia nafaka, iliyobonyea tako, hakumgusa. Gorogoro ile ilipunja wazi, kipofu angeona. Nilimtania kwamba anaogopa wanawake. Akanijibu kwamba yule mama akimaliza kupima huongeza kiganja kizima juu bila kuombwa. "Mizani haiongezi kitu, Fundi. Gorogoro ina huruma." Ndivyo alivyokuwa. Alikuwa mtu wa sheria, na palepale katikati ya sheria alikuwa na kijishimo cha kupitishia wanyonge, na hukujua ni lini atakupitisha wewe.

Mimi nilifika kwake kwa sababu ya uvundo. Mimi ni fundi wa mifereji, nakaa Riruta, na mafundi wawili walikuwa wamechimba uani kwake kutafuta bomba la choo lililopasuka. Mimi nilizunguka nyumba nikinusa tu. Nikakuta kwenye stoo sinki la zamani lisilotumika, lile bomba lake la kupinda limekauka maji, na hewa ya choo inapandia hapo. Nikamwaga jagi moja la maji na uvundo ukaisha. Mkaguzi alikuwa amesimama mlangoni wakati wote huo, mikono nyuma. Akaenda, akarudi na glasi tatu za kitu cheusi.

"Nusa. Usinywe."

Nikanusa. Nilimwambia moja inanuka ngozi mpya ya kiatu, moja inanuka zambarau zilizoanguka kwenye udongo wenye mvua, na ya tatu siijui, ila ina jua ndani. Akazikusanya glasi zake, nikadhani nimemtukana.

"Jumamosi huwa unafanya nini?" akauliza.

Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa, kama ni kuajiriwa. Nilikwenda karibu kila Jumamosi mchana kwa miaka minane. Kwetu magharibi nilikulia kwenye mitungi ya busaa, pombe ya nafaka, ya nyanya yangu, sikuwahi kudhani kuna aina nyingine ya kinywaji inayostahili jasho la mtu. Mkaguzi alinifundisha vinginevyo, polepole, na mara nyingi bila kueleza lolote. Hilo la kutoeleza lilikuwa kasoro yake kubwa. Aliamini kwamba ukimtazama mtu akifanya kazi vizuri utaielewa kazi, na usipoielewa basi hukutazama.

Shamba lenyewe lilikuwa nusu ekari ya mteremko, likiishia kwenye mtaro wenye matete. Alikataa kuiita mizabibu yake kwa majina ya kizungu yaliyokuwa kwenye vitabu. Iliyopandwa juu ilikuwa Namba Moja, yenye ukakasi wa kukunja ulimi. Ya chini karibu na mtaro ilikuwa Namba Mbili, laini, yenye harufu nzuri, lakini haina mgongo. Namba Tatu haikukua Mutuini. Ililimwa na ndugu yake kule Ukambani, kwenye joto, na ilifika alfajiri kwa pikapu ikiwa imefunikwa magunia mabichi, nyeusi na tamu mno. Mutuini kuna baridi. Mwezi wa saba ukungu hukaa shambani hadi saa tano, majani yanaota vumbi jeupe la ugonjwa, na Mkaguzi angekuwa hapo na mwavuli wake akifungua kichala kimoja kimoja kwa vidole kipate hewa. Zabibu zake mwenyewe ziliiva kwa shingo upande, zikiwa na uchachu mwingi. Za ndugu yake ziliiva kupita kiasi. "Huyu ana baridi na huyu ana homa," alikuwa akisema. "Tukiwalaza kitanda kimoja watapona."

Pande zote majirani walikuwa wakijenga. Kijana wa ploti ya pili, mwenye nyumba za chumba kimoja kimoja mpaka ukutani, alikuwa akimwita juu ya ua: "Mzee, si ujenge rental hapo bana! Zabibu ni za nini, keki?"

"Rental haina haja na mimi," Mkaguzi alimjibu siku moja. "Hata nikilala itasimama tu."

Nyuma ya nyumba alikuwa amechimba chumba ndani ya mteremko, akakijengea mawe, na kukishukia kwa ngazi tisa. Humo baridi haikubadilika mwaka mzima. Alikiita ofisi. Mkewe, mwanakwaya mpole aliyeamini kwamba pombe ni pombe hata ikikaa kwenye chupa yenye heshima, hakuwahi kushuka ngazi hizo hata moja. Chai yetu aliileta mpaka ngazi ya juu, akaigongesha sahani, akaondoka. Na Mkaguzi, ambaye alisimama kanisani kusoma neno kila mwezi, hakuona ubaya kwamba mkewe haikubali kazi yake. Nilimuuliza kama haimuumi. Akasema mke akikubali kila kitu basi nyumba haina mkaguzi.

Kulikuwa na jambo moja ambalo lilimuuma, na aliliweka wazi kwangu mara moja tu, tukiwa tumekaa kwenye zile ngazi tukimenya miwa. "Nimepima vya watu miaka thelathini na kitu," alisema. "Sukari ya huyu, petroli ya yule. Mimi sijatengeneza kitu kikapimwa. Nataka pipa moja, Fundi. Moja tu. Mvinyo ulale miaka kumi, mtu aufungue mimi nikiwa sipo, aseme, huyu mtu alipima sawasawa." Mvinyo aliokuwa akitengeneza hadi wakati huo ulikuwa mzuri, lakini wa kunywewa mwaka huohuo, kwa sababu aliuweka kwenye mitungi ya plastiki. Aliugawa kwa marafiki wa kazini waliostaafu naye. Alichotaka ni mvinyo wa kungoja, na kwa huo alihitaji pipa la mwaloni na mwaka mmoja ambao namba zote tatu zingekubaliana.

Hapa lazima niseme habari ya masazo. Nyanya yangu alipochuja busaa, mtungi mkubwa ukijaa, kilichobaki kwenye kibuyu kilikuwa cha mikono iliyochuja. Hakuna aliyeomba wala aliyeuliza, kilikuwa chako. Nilimsimulia Mkaguzi desturi hiyo mwaka wangu wa kwanza, kwa kumtania tu, na alicheka akasema ni sheria nzuri. Tangu siku hiyo kila tulipomaliza kujaza mitungi, kilichobaki alinisukumia kwa mguu. "Masazo yako hayo, Fundi." Nilikwenda nayo Riruta kila mwaka. Miaka saba mfululizo.

Mwaka wa nane pipa likapatikana. Lilikuwa dogo, la lita mia moja na kidogo, limetumika mara moja tu kwenye shamba kubwa huko Naivasha, na Mkaguzi alilibingirisha mwenyewe hadi chini, akikataa msaada, akiongea nalo njia nzima. Mwaka huo mvua ilijua wakati wa kuacha. Namba Moja iliiva, Namba Mbili iliiva, na pikapu ya Ukambani haikuharibikia njiani.

Siku ya kuchanganya mvinyo wa namba hizo tatu ndiyo ninayoikumbuka zaidi kuliko siku ya harusi yangu. Aliniagiza nisioge kwa sabuni yenye manukato na nisinywe chai ya tangawizi. Mkewe alikatazwa kukaanga kitunguu hadi saa saba, na akatii, akinung'unika wimbo wa kwaya kwa sauti ya kusikika hadi chini. Mezani kulikuwa na glasi kumi na mbili, kopo la kupimia lenye mistari, na daftari. Tulianza na nusu ya Namba Moja. Ilikausha mdomo. Tukaongeza Namba Mbili, ikawa tamu ya kubembeleza, akaitema kwa hasira. Namba Tatu akaitia kwa tone, kisha kwa kijiko, kisha akaizidisha hata nikamkataza.

"Mzee, hiyo ni mingi. Uchachu unaisha."

"Ngoja. Nusa sasa."

Nilinusa. Sijui kueleza. Kulikuwa na baridi ya Mutuini na jua la Ukambani, na hakuna kilichomshinda mwenzake. Mkaguzi aliandika kipimo kwenye daftari, akapigia mstari kwa rula. Aliniambia kwamba kopo la kupimia ni la kukumbukia, lakini anayeamua ni pua. Kisha huyu mzee aliyeishi kwa mistari na nambari akafunga daftari, machozi yakimtoka, wala hakuyaficha.

Tulijaza pipa likafurika, tukagonga kizibo. Zikabaki chupa mbili kubwa za kioo, za lita tano tano. Mkaguzi aliziziba vizuri, akaziweka chini ya meza kwenye kona yenye baridi zaidi. Hakunisukumia kwa mguu. Hilo nililiona. Nilidhani amesahau kwa furaha.

Siku tatu baadaye dada yake alifariki kule Ukambani. Nilimkuta getini yeye na mkewe, mabegi yakiwa ndani ya teksi, amevaa koti la matanga. Alinipa funguo mkononi. "Angalia pipa, Fundi," akasema, na gari likaondoka. Alikaa huko wiki sita, maana baada ya mazishi kulikuwa na mambo ya shamba la mayatima wa marehemu, na ni nani mwingine wa kupima mipaka.

Pipa niliangalia. Kila Jumamosi nilishuka nikalipapasa chini na kwenye maungio ya mbao, nikitafuta unyevu. Lilikuwa kavu. Fundi wa mifereji huamini kwamba chombo kisichovuja hakipungui, na mimi nililiamini hilo kwa roho safi.

Wiki ya tatu wakwe zangu wakatoka Kakamega kuja kutuona Riruta, mara ya kwanza tangu nioe. Kwetu mkwe ni mtu mzito. Nilitaka baba mkwe arudi nyumbani akisema amepewa kitu ambacho hajawahi kupewa. Nikakumbuka zile chupa mbili chini ya meza. Si masazo? Si miaka saba yamekuwa yangu? Nilisita, sitadanganya. Nilisimama nikiwa nimeshika shingo ya chupa, simu iko mfukoni. Lakini mtu yuko matangani, utampigiaje kumuuliza habari ya waini? Nikazibeba. Jumapili ile wageni walikunywa zote mbili zikaisha, na Jumatatu nilirudisha chupa tupu zikiwa zimeoshwa vizuri.

Kisha Mkaguzi akapiga simu. Alikuwa anarudi kesho kutwa, sauti yake imekauka kwa mafua na vumbi.

"Zile chupa mbili ziko kwa baridi?"

"Ziko, Mzee."

"Sawa. Pipa litakuwa limeshuka vidole vinne, vitano. Mbao inakunywa, Fundi, na hewa ikiingia hapo juu waini inakufa. Hizo ndizo za kujazia. Sikukuambia nikienda, kichwa hakikuwa changu."

Ningesema wakati huo. Alikuwa mbali, hakuwa akiona uso wangu, na kosa halikuwa la kukusudia, nusu yake lilikuwa la ukimya wake. Angenguruma, tungetafuta dawa. Badala yake nilishuka ngazi tisa mbio. Pembeni kulikuwa na jerikeni ya Namba Moja ya mwaka uliopita, nusu tupu, imesahauliwa. Nilinusa. Ilikuwa na ukali kidogo, ule wa kachumbari ya jana. Nikajiambia ni kidogo tu. Nikajaza zile chupa mbili hadi alama ileile, nikaziziba, nikazirudisha kwenye kona.

Alipofika alikuwa amekonda. Alifungua pipa, akapima pengo kwa kijiti, akaridhika. Akafungua chupa ya kwanza, akainusa, akatikisa kichwa. "Pua yangu imeziba kabisa. Leo wewe ndiye pua." Akanipa.

"Iko sawa, Mzee," nikasema.

Akamimina. Nilishika tochi nikammulikia vizuri asimwage nje.

Baada ya miezi mitano alimwita mtu wa duka la mvinyo la Hurlingham, aliyekuwa ameahidi kwamba mvinyo ukifaa atamtunzia chupa zake kwenye stoo yake ya baridi miaka yote kumi. Yule bwana alichota kidogo kwa mrija, akanusa, na akaweka glasi mezani bila kuonja. Alikuwa mtu mwenye adabu. "Mzee," alisema, "pole. Hii inaenda siki." Mkaguzi mwenyewe alikuwa amesikia harufu majuma mawili kabla, akanyamaza akitumaini ni mafua tu. Alimshukuru mgeni, akamsindikiza hadi kwenye gari, akarudi na daftari.

Kwa siku nne alifanya ukaguzi. Hilo ndilo ninalotamani nisingeliona. Alikagua kizibo. Alitoa mvinyo, akajaza pipa maji, akaliacha usiku kucha na kulipapasa. Alihesabu siku alizokuwa safarini. Kisha aliniketisha meza ya jikoni, mkewe akiwa anachambua mchele, akauliza kwa sauti yake ya kazini:

"Nikiwa matangani, kuna kitu kiliguswa?"

"Hapana, Mzee."

Mkewe aliinua macho kutoka kwenye sinia akanitazama, kisha akaendelea na mchele. Petro alikana mara tatu na jogoo akawika, akapata bahati ya kulia. Kwangu hakuwika jogoo. Mkaguzi aliandika. Alikuwa ameondoa sababu zote, na iliyobaki ilikuwa moja: Namba Tatu ilizidi, uchachu ukapungua, na mvinyo usio na uchachu wa kutosha hauna kinga. Aliyeizidisha ni yeye, akiwa ameonywa na mimi, kwa kuamini pua yake. Alinisomea maneno hayo akanipongeza kwa onyo langu.

"Mzee, ni mara moja tu," nikasema. "Mwaka ujao tutapatia."

"Fundi, mizani ikidanganya mara moja huipigi faini ukaiacha. Unakata lakiri yake ya serikali, unaiondoa sokoni. Nimewafanyia hivyo watu wenye watoto wa kulisha. Nitajihurumia mimi?"

Alining'olesha mizabibu mwezi uliofuata. Nasema alining'olesha kwa sababu jembe lilikuwa mkononi mwangu. Shina la mzabibu wa miaka kumi na kitu haling'oki kwa urahisi, linashika. Nilianza na Namba Mbili chini kwenye mtaro nikapanda nayo hadi juu kwa siku tatu, naye akikusanya matawi na kuyafunga mafungu sawasawa, yote urefu mmoja. Kila nilipopumzika nilijiambia, sasa sema. Kila mara niliona jinsi atakavyonitazama, nikainua jembe. Njia ya mwongo ni fupi, wamesema wahenga, lakini yangu ilikuwa nusu ekari nzima na niliimaliza. Palipokuwa shamba pakajengwa nyumba za kupangisha, na mabomba ya nyumba hizo niliyatandika mimi. Alinipa kazi hiyo kwa kuwa aliniamini.

Mkaguzi aliacha kubeba jiwe lake. Alinunua nyama akaondoka bila kutazama mshale. Yule muuzaji wa Riruta aliniuliza, "Mkaguzi ni mgonjwa? Siku hizi ananunua tu kama mtu yeyote." Nilijibu ni uzee. Baadaye nikaanza kupata kazi nyingi mjini na Hurlingham, au niseme nikaanza kuzitafuta, na Jumamosi zangu zikajaa. Miaka sita ilipita hivyo, siku za sikukuu nikimtumia ujumbe wa salamu kwenye simu, naye akijibu kwa neno moja, "Amina."

Mwaka huu, mwezi wa tatu, niliitwa kuzibua sinki kwenye jengo la kliniki kule Argwings Kodhek Road. Nilipotoka na ndoo yangu nikawaona kwenye benchi la wagonjwa wa macho, yeye na mkewe. Jicho moja lilikuwa limefungwa bandeji. Amekuwa mdogo, koti limembakia kubwa. Mkewe alinisalimu, nami nikaitikia, na Mkaguzi akageuza kichwa.

"Hiyo sauti ni ya Fundi."

Niliketi kando yake na mikono yangu michafu. Tuliulizana habari za nyumbani. Alisema nyumba zimejaa wapangaji, mabomba hayajawahi kuvuja, akanishukuru. Sijui kama ni shukrani hiyo iliyonivunja. Nilimwambia. Niliyasema yote kwa mpangilio mbaya, chupa mbili, wakwe, jerikeni, tochi.

"Rudia polepole," akasema.

Nikarudia.

"Lita kumi zote?"

"Zote, Mzee."

"Na ukajazia na Namba Moja ya zamani. Ilikuwa imeanza kuchachuka?"

"Ilikuwa imeanza. Nilisikia, nikanyamaza."

Aliweka kichwa ukutani. "Kwa hivyo mchanganyiko ulikuwa sawa," alisema, na uso wake ukafunguka, akawa mzee mwenye furaha pale kliniki, mbele ya watu. "Mama, umesikia? Pua ilikuwa sawa." Kisha furaha ikasimama njiani. Niliiona ikisimama. "Na mizabibu nimeing'oa," akasema.

"Ungesema tu, Fundi," mkewe akasema bila kunitazama. "Ungesema siku ile ya mchele. Mimi nilikuona."

Nilimwomba msamaha. Hakusema amenisamehe, wala hakusema hajanisamehe. Alinisogelea akanishika goti.

"Hao wakwe zako. Ndio peke yao waliokunywa ile yenyewe. Walisema nini?"

Ningeweza kumpa zawadi. Maneno nilikuwa nayo, ni yeye mwenyewe aliyenifundisha. Lakini nilikuwa nimechoka kumdanganya.

"Waliiona kali, Mzee. Baba mkwe aliitisha soda, wote wakachanganya."

"Soda gani?"

"Ya machungwa."

Mkewe aliangalia kando. Mkaguzi alitikisa kichwa polepole, akakubali, kama alivyozoea kupokea vipimo vya watu.

"Na wewe? Uliweka soda?"

"Hapana. Mimi nilikunywa jikoni kikombe kimoja. Hivyo hivyo."

Mkono wake ulikaza gotini. Lile jicho lililo wazi lilinitazama kwa karibu sana. "Sasa sema. Mimi niliitema. Wewe uliimeza. Ilikuwaje?"

"Ilikuwa nzuri, Mzee."

"Nzuri namna gani?"

Nilitafuta. Nesi aliita jina la mtu mwingine, watu wakasogea kwenye benchi, na yeye akangoja bila kuondoa jicho. Lakini siku ile nilikuwa nimeinywa mbio, nimesimama, nikitazama sufuria na kuwaza nyama itaiva saa ngapi na kama viti vitatosha. Nikamwambia ukweli, kwamba sikumbuki, na akauondoa mkono.